Barua kwa Mhariri: Regyuleta hupimwa ikiwa na mzigo

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya ufundi iliwaelekeza wasomaji namna ya kukagua saketi ya regyuleta ya volti, yaani chipu inayoshikilia volti zinazotoka zisiyumbe: washa umeme, gusisha waya nyekundu ya mita kwenye mguu wa kutoa na nyeusi kwenye graundi, ukisoma 5 basi regyuleta ni nzima. Maelekezo hayo yanatosha kujua kama chipu imekufa kabisa. Zaidi ya hapo hayakuambii kitu, na fundi anayeishia hapo ajiandae kurudishiwa kazi.

Mita ya kidijitali ina ukinzani wa megaomu 10 hivi. Kwenye volti 5 inavuta nusu tu ya mikroampea. Ni sawa na kumpima punda nguvu akiwa amesimama kivulini, hana gunia mgongoni. Regyuleta iliyoungua nusunusu, kapasita iliyokauka, transfoma isiyotosha, kiungo cha risasi kilichopasuka: vyote vitakuonyesha 5.0 safi mpaka ampea zianze kupita.

Nitatumia 7805, regyuleta ya miguu mitatu inayotoa volti 5, kama mfano kwa kuwa ndiyo iliyozagaa, kisha nitagusa LM317, ambayo volti zake unazipanga mwenyewe, na zile za swichi, zinazofanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme haraka.

Kabla ya kuwasha chochote, hakikisha miguu. Ishike 7805 maandishi yakikutazama na miguu ikiwa chini: kushoto ni kuingiza, katikati graundi, kulia kutoa, na bati la mgongoni limeungana na graundi. Dada yake wa volti hasi, 7905, ana graundi kushoto, kuingiza katikati, kutoa kulia, na bati lake ni la kuingiza. LM317 inaanzia kushoto na mguu wa kurekebisha, katikati kutoa, kulia kuingiza, na bati lake ni la kutoa. Ukizifunga 7805 na 7905 kwenye hitisinki moja (bati la kupozea) bila kuweka mika ya kuzuia umeme katikati, upande wa hasi umeshapiga shoti kabla hujaanza kupima. Weka pia kapasita zake: mikrofaradi 0.33 upande wa kuingiza na 0.1 upande wa kutoa, zote zikiwa karibu kabisa na miguu. Sentimita 15 za waya kati ya kapasita na mguu zinatosha kuiharibu kazi yake.

Sasa mzigo. Rezista ya omu 100 kwenye volti 5 inavuta miliampea 50 na kula robo wati. Chukua ya nusu wati au wati 1. Rezista ya omu 10 inavuta nusu ampea na kula wati 2.5, mbili za omu 10 zikiwekwa sambamba zinavuta ampea 1 na kula wati 5 kwa pamoja. Kwa hizo za omu 10 tumia zile nyeupe za sementi za wati 10 kila moja. Usichukue ya wati 3 kwa hesabu kwamba 2.5 ni ndogo kuliko 3. Rezista inayofanya kazi karibu na kikomo chake huwa moto wa kuunguza meza, na omu zake huyumba kadiri inavyopata joto, kwa hiyo mzigo wako unabadilika wakati unapima. Zilaze juu ya kigae, mbali na regyuleta, joto lake lisije likaingia kwenye vipimo.

Wapo wanaotumia balbu ya gari kama mzigo. Kwa kuona tu kama umeme unapita, sawa. Kwa kupima, hapana. Uzi wa balbu ukiwa baridi una ukinzani wa karibu sehemu moja ya kumi ya ule unaokuwa nao ikiwaka, hivyo sekunde ya kwanza unavuta ampea nyingi mno, regyuleta inajikinga kwa kupunguza mkondo, na wewe unadhani ni mbovu. Tena balbu ya volti 12 ukiiwasha kwa volti 5 hujui inavuta ampea ngapi mpaka uipime yenyewe.

Jambo linaloharibu vipimo vya watu wengi kuliko yote ni mahali zinapoguswa waya za mita. Nyaya zenye vibanio vya meno ambazo kila fundi anazo zina ukinzani wake. Jozi moja ikiwa na omu 0.2 kwa jumla, kwenye ampea 1 inakula volti 0.2. Ukipima kwenye ncha za rezista ya mzigo utasoma 4.80, na utaandika kwamba regyuleta imeshuka kwa asilimia 4, kumbe kwenye miguu yake zipo 4.99. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba una karibu miliomu 35 kwa kila mita. Mita moja kwenda na moja kurudi ni milivolti 70 kwa ampea 1. Bredibodi, ule ubao wa matundu wa kujaribia saketi, ni mbaya zaidi, maana kila tundu lina mguso wake na miguso hiyo haifanani leo na kesho. Ampea 1 usiipitishe huko hata kidogo.

Dawa yake: waya zinazobeba mkondo na waya za mita ziwe mbali mbali. Lehemu vipande viwili vifupi vya waya mwembamba moja kwa moja kwenye mguu wa kutoa na mguu wa graundi, vilehemu pale mguu unapotokea kwenye mwili wa chipu, na mita iguse hivyo tu. Waya mnene wa kwenda kwenye mzigo ulehemu kando yake. Waya wa mita haupitishi mkondo wa maana, kwa hiyo hauli volti. Ukitaka kujua mzigo unapata nini hasa, hilo ni swali jingine: pima kwenye mzigo, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo hasara ya nyaya zako, ambayo hupaswi kuibandika kwenye jina la regyuleta.

Hatua zenyewe ni hizi. Ingiza volti 9 hadi 10 za DC (umeme usiogeuka mwelekeo) kutoka chanzo kisichoyumba. Weka rezista ya omu 1,000 iwe mzigo mdogo wa miliampea 5, soma volti, andika. Ongeza rezista ya omu 100, soma. Kisha omu 10 moja, kisha mbili, na kila mara soma ndani ya sekunde mbili tatu halafu uuondoe mzigo. Haraka hiyo ina sababu. Chipu ikipata joto volti zake hushuka zenyewe, kwenye 7805 ni karibu milivolti 1 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Ukikaa dakika tano umechanganya athari ya mzigo na athari ya joto, na huwezi tena kuzitenganisha. Joto lina kipimo chake, tutalifikia.

Tuseme bila mzigo mkubwa umesoma 5.02 na kwenye ampea 1 umesoma 4.99. Tofauti ni milivolti 30. Gawa kwa 4.99, zidisha kwa 100: asilimia 0.6. Ukigawa milivolti 30 kwa ampea 1 unapata ukinzani wa ndani wa miliomu 30. Karatasi za vipimo za watengenezaji huruhusu 7805 ishuke hadi milivolti 100 kutoka mzigo mdogo hadi ampea 1.5, ila chipu nzima hushuka kidogo kuliko hapo. Ikishuka milivolti 300, rudia kuangalia nyaya kwanza. Nyaya zikiwa sawa na volti zinazoingia hazijashuka, chipu ndiyo mwenye kosa. Na kitu kingine: mara moja moja mkosaji ni mguu wa graundi. Mkondo wa mzigo ukirudi kupitia njia nyembamba ile ile ambayo mguu wa graundi wa chipu umeshikizwa, mguu huo unanyanyuka milivolti kadhaa na volti zinazotoka zinanyanyuka nao, ukipima kutoka graundi ya kapasita kubwa ya kuingiza unakuta volti zimepanda badala ya kushuka. Rudisha mkondo wa mzigo kwa njia yake yenyewe mpaka kwenye kapasita kubwa.

Hapa mita ya bei ya chini inakwama. Kwenye renji ya volti 20 inasoma hatua za milivolti 10, kwa hiyo mabadiliko ya milivolti 7 haiyaoni. Ipo njia. Chukua 7805 nyingine, ilishe kwa betri yake ya volti 9, iwekee kapasita zake na usiipe mzigo wowote. Unganisha graundi yake na mguu wa graundi wa ile unayoipima. Sasa weka mita kati ya mguu wa kutoa wa hii na mguu wa kutoa wa ile. Unachosoma ni tofauti yao tu. Anza na renji ya volti 2, kwa sababu 7805 mbili nzima zinaweza kupishana hata milivolti 400, moja ikitoa 4.8 na nyingine 5.2, zote zikiwa halali. Zikipishana kidogo, shuka renji ya milivolti 200, na mita ile ile uliyoidharau inakuonyesha sehemu ya kumi ya milivolti. Weka mzigo, ondoa mzigo, tazama tarakimu inavyoruka. Betri ikianza kuchoka ibadilishe, volti zake zikishuka chini ya 7 kipimo chote kinakufa.

Baada ya mzigo, badilisha volti zinazoingia. Acha rezista ya omu 100 peke yake, panda taratibu kutoka volti 8 hadi 20, soma kila baada ya volti 3. Mzigo umewekwa mdogo makusudi: kwenye volti 20 na miliampea 50, chipu inakula wati 0.75 tu, na ikiwa kwenye hitisinki haipati moto wa kukuchanganya. 7805 nzima hubadilika kwa milivolti chache. Karatasi nyingi huruhusu hadi 100, lakini ukiona zaidi ya 20 kwa mzigo mdogo kama huu, anza kuitilia shaka.

Kisha shuka. Weka mzigo wa ampea 1 na punguza volti zinazoingia kidogo kidogo mpaka volti zinazotoka zipungue kwa milivolti 100. Simama hapo, soma kuingiza, soma kutoa, toa. Hilo ndilo pengo ambalo regyuleta haiwezi kuishi bila hilo. Kwa 7805 ni karibu volti 2. Kwa regyuleta za pengo dogo ni chini ya hapo: LM1117 ni 1.2 hivi kwenye miliampea 800. Kwa LM2940 ni nusu volti kwenye ampea 1. Pengo hili hukua mzigo unapokua, kwa hiyo kulipima kwa miliampea 50 na kuliandika kama sifa ya chipu ni kujidanganya.

Na pengo hilo ndilo linalotuingiza kwenye kosa ninaloliona ndilo baba wa makosa yote ya pawasaplai za transfoma. Chukua transfoma ya volti 9, dayodi nne za daraja, kapasita ya mikrofaradi 2,200, na 7805. Kilele cha volti 9 ni 12.7. Dayodi mbili zinachukua 1.4, inabaki 11.3. Kwenye umeme wa hezi 50 kapasita hujazwa mara 100 kwa sekunde, na kati ya kujazwa na kujazwa inamwaga. Gawa ampea 1 kwa 100, gawa tena kwa faradi 0.0022: inashuka karibu volti 4.5 kabla haijajazwa upya. Bonde la wimbi liko kwenye 6.8. Chipu inahitaji 7. Mita ya DC inasoma wastani, volti 9, nawe unaridhika kwamba kuna volti 4 za akiba. Hakuna akiba. Mara 100 kwa sekunde chipu inaishiwa, na kwenye kutoa kunatokea mashimo madogo ambayo mita inayameza kwenye wastani ikakuonyesha 4.97. Redio itavuma, mikrokontrola itajiwasha upya bila sababu inayoonekana, na regyuleta itabadilishwa mara tatu bure.

Bonde hilo unaweza kulipata bila osiloskopu. Pima volti za DC kwenye kapasita kubwa mzigo ukiwepo. Kisha geuza mita iwe AC (umeme unaogeukageuka), ipitishie kapasita ya mikrofaradi 1 isiyo na chanya wala hasi, maana mita nyingine zikiwa kwenye AC hazizuii DC na zitakupa namba ya ajabu. Wimbi la kapasita lina umbo la meno ya msumeno, kwa hiyo zidisha kipimo cha AC kwa 3.5 upate urefu wake kutoka bonde hadi kilele. Chukua DC, toa nusu ya urefu huo. Kwa mfano wetu: DC 9.05, AC 1.3, urefu 4.5, bonde 6.8. Ukiweka mikrofaradi 4,700 badala ya 2,200 mshuko unakuwa 2.1 na bonde linapanda hadi 9.2. Halafu fanya hesabu hiyo hiyo umeme wa ukutani ukiwa umeshuka kwa asilimia 10, kwa sababu utashuka: kilele kinakuwa 10 na kidogo, bonde la kapasita ndogo ni 5.5, la kubwa ni 7.9. Moja inaanguka, nyingine inapita. Usisahau pia kwamba transfoma iliyoandikwa ampea 1 haitoi ampea 1 ya DC. Kapasita hujazwa kwa mapigo mafupi yenye mkondo mkubwa, na waya wa transfoma hupata joto kwa mapigo hayo. Hesabu ampea 0.6 ya DC ndiyo salama yake.

Mawimbi yanayosalia upande wa kutoa ni madogo sana ikiwa bonde halijagusa kikomo. 7805 hupunguza mawimbi ya hezi 100 kwa desibeli 62 au zaidi, yaani zaidi ya mara elfu. Volti 2 za mawimbi kwenye kuingia zinapaswa kuwa chini ya milivolti 2 kwenye kutoka. Mita ambayo renji yake ya chini ya AC ni volti 200 haitaona kitu, na sifuri yake isikufariji. Osiloskopu ndiyo chombo chake: weka AC, punguza upana wa masafa hadi megahezi 20, na ondoa ule waya mrefu wa graundi wenye kibanio. Sentimita 15 za waya huo ni antena; utaona kelele ambazo hazimo kwenye saketi. Tumia springi fupi ya graundi ichomekwe karibu na ncha. Na kumbuka kwamba graundi ya osiloskopu imeungana na ethi ya plagi: ukiishika kwenye saketi ambayo haijatenganishwa na umeme wa ukutani kwa transfoma, utaunguza chombo au ujiunguze mwenyewe. Asiye na osiloskopu apitishe kutoa kwa kapasita ya mikrofaradi 1 na rezista ya omu 10,000 kwenda kwenye amplifaya ndogo yenye spika. Sikio linausikia mvumo wa hezi 100 vizuri, na mzigo ukiongezwa mvumo ukaja ghafla badala ya kupanda polepole, bonde limeshagusa kikomo.

Joto. Volti 12 zikiingia, 5 zikitoka, ampea 1 ikipita, chipu inakula wati 7. Bila hitisinki, 7805 ya umbo la kawaida hupanda karibu nyuzi 65 kwa kila wati. Kama hewa ndani ya boksi ina nyuzi 40 na kikomo cha ndani ni 125, unazo nyuzi 85 za kutumia, yaani wati 1.3, yaani chini kidogo ya miliampea 190. Maandishi ya "ampea 1" kwenye karatasi yanahusu chipu iliyofungwa kwenye hitisinki. Na hitisinki yenyewe ihesabiwe: ya nyuzi 5 kwa wati, ongeza 0.5 ya pesti ya kupitisha joto, ongeza 5 kutoka ndani ya chipu hadi kwenye bati lake, jumla 10.5; zidisha kwa wati 7, ongeza 40: nyuzi 113 hivi. Inakaa, bila nafasi kubwa. Ukipima joto kwenye bati karibu na mwili wa chipu, ongeza nyuzi 5 kwa kila wati upate joto la ndani. Kidole hakitoshi, kwani bati la nyuzi 60 tu mtu hawezi kulishika zaidi ya sekunde chache, na la 60 bado ni zuri.

Acha mzigo kamili kwa nusu saa boksi likiwa limefungwa kama litakavyotumika, ukisoma volti kila dakika tano. Kushuka polepole kwa milivolti 50 au 60 kisha kutulia ni kawaida. Kuzima na kuwaka, taa ikipepesa kila baada ya sekunde chache, ni kinga ya joto ya chipu inayokata ndani inapofika kati ya nyuzi 150 na 175 na kurudisha ikipoa. Wengi huita hiyo "regyuleta mbovu". Chipu iko sawa. Ni hitisinki, pesti au skrubu iliyolegea.

Kuna ubovu mwingine unaojificha vizuri kuliko huo: regyuleta inayotetema, yaani volti zake za kutoa zinapanda na kushuka zenyewe kwa kasi. Dalili zake ni mita kusoma kitu kisichoeleweka, kama 5.3 au 4.6, namba kubadilika ukisogeza mkono, na chipu kupata joto hali haina mzigo. Kwenye 7805 chanzo huwa kapasita ya kuingiza iliyo mbali. Kwenye zile za pengo dogo chanzo ni kapasita ya kutoa. LM1117 inataka angalau mikrofaradi 10 yenye ukinzani wa ndani kati ya omu 0.3 na 22, na LM2940 inataka angalau 22. Mtu akiona kapasita ya seramiki ni ya kisasa akaibandika hapo, ukinzani wake ni mdogo mno na chipu inaanza kutetema. Weka tantalamu au elektrolitiki. Seramiki pia ina ujanja wake: ile ndogo ya mikrofaradi 10 ikipewa volti 5 inaweza kupoteza hata nusu ya ujazo wake.

Kutetema kunanaswa vizuri zaidi kwa kuuwasha na kuuzima mzigo ghafla. Tumia chipu ya 555 itoe mapigo ya hezi 500, iendeshe mosfeti (transista ya kuwasha na kuzima) kama IRLZ44N, na mosfeti iwashe na kuzima rezista ya omu 10 huku ya omu 100 ikibaki muda wote. Kwenye osiloskopu utaona volti zikichovya kidogo kila mzigo unapoingia. Chovyo moja na kurudi ni afya. Chovyo linalofuatwa na mawimbi mawili matatu bado linavumilika. Yakiwa kumi, saketi iko ukingoni, na siku ya baridi au kapasita ikizeeka itaanza kutetema yenyewe.

LM317 ina mambo yake mawili. Haina mkondo wa kujishikilia isipopewa mzigo mdogo, ambao kwa chipu nyingine hufika miliampea 10. Rezista ya omu 240 inayoonekana kwenye michoro mingi kati ya mguu wa kutoa na wa kurekebisha inavuta 5.2 tu, kwa hiyo bila mzigo volti zinaweza kupanda juu ya ulizopanga, ukidhani umekosea hesabu. Weka omu 120, zitavuta 10.4. La pili ni mahali pa rezista hiyo: ilehemu kwenye mguu wa kutoa wenyewe. Ukiilehemu upande wa mzigo, omu 0.05 za waya zinazidishwa kwa uwiano wa volti zinazotoka na 1.25. Kwa volti 12 ni mara 9.6, yaani karibu nusu omu, na ampea 1 ikipita umepoteza nusu volti. Rezista ya pili, ile inayokwenda graundi, ndiyo inayofaa kurudi upande wa graundi ya mzigo.

Za swichi, kama moduli za LM2596, zipimwe hivyo hivyo kwa mzigo, kisha ongeza ufanisi. Soma volti na ampea za kuingia, volti na ampea za kutoka, zote volti zikipimwa kwenye terminali za moduli na si baada ya ampmita. Volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10; kama zinaingia volti 12 kwa ampea 1.04, wati 12.5, ufanisi ni asilimia 80, ndivyo inavyotakiwa. Ukipata 65, shika koili na dayodi ujue lipi linaungua. Mapigo yake ni ya kilohezi 150. Yakionekana karibu 50 kwenye mzigo wa kawaida, chipu iliyomo si hiyo iliyoandikwa juu yake. Angalia pia chanzo chako: moduli hizi zikipungukiwa volti huvuta ampea zaidi, chanzo dhaifu kinazidi kushuka, na mwisho wake ni kuwaka na kuzima kila sekunde.

Shoti ya makusudi kwenye kutoa ifanywe mwisho, kwa sekunde moja au mbili, volti zinazoingia zikiwa 9 na fyuzi ikiwepo. Ukiondoa shoti, volti zirudi zenyewe. Ikiwa kapasita ya kutoa ni kubwa, funga kwanza dayodi ya 1N4001 kutoka kutoa kwenda kuingiza, mstari wake ukielekea kuingiza, kwa kuwa kuingiza kukianguka ghafla kapasita hiyo humwagikia ndani ya chipu kinyumenyume.

Kwenye daftari, kando ya kila volti iliyotoka, ziwepo volti zilizoingia, ampea, joto la bati, joto la hewa, na dakika tangu kuwasha. Kipimo cha 4.97 kisicho na hivyo vingine hakilinganishwi na chochote mwezi ujao saketi hiyo ikirudi mezani.

Fundi elektroniki,
msomaji wenu